Namba Haitoshi: Fremu ya Pikipiki ya Kale Isomwe kama Ushahidi

Pikipiki za kale za Uingereza, ambazo hapo zamani zilikuwa vyombo vya kumpeleka mtu kazini, siku hizi ni mali ya kutunzwa na kuuzwa kwa bei kubwa. Mojawapo iliyo maarufu sana ni Triumph Bonneville T120 ya sentimita za ujazo 649, iliyoundwa katika kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry, na kuanza kuuzwa kwa msimu wa 1959. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1983, na majengo yake yalikwisha kubomolewa. Kwa hiyo kila pikipiki inayodaiwa kuwa Bonneville ya mwaka fulani haina budi kuchunguzwa yenyewe. Wanunuzi wengi huanza uchunguzi huo kwa kusoma namba iliyogongwa katika chuma, nao humalizia hapo hapo. Desturi hiyo yafaa ipingwe, maana huchukua dai na kuliweka mahali pa ushahidi.

Namba ni maneno. Fremu ni tendo. Namba huandikwa kwa dakika moja, na yaweza kufutwa kwa tupa na kuandikwa nyingine. Umbo la fremu, yaani idadi ya mabomba yake, mahali yalipoungwa na pembe ya shingo yake, lilitokana na uamuzi wa wahandisi, na kulighushi ni kazi kubwa zaidi. Ajuaye kulisoma umbo hilo atajua mengi ambayo namba pekee haiwezi kumwambia.

Fremu ya Bonneville haikukaa katika sura moja. Mwaka 1959 ilikuwa na bomba moja la mbele lililoteremka kutoka shingoni, yaani pale usukani unapozungukia, hadi chini ya injini. Kwa msimu wa 1960 kiwanda kilileta fremu mpya yenye mabomba mawili ya mbele. Mwaka 1963 bomba la mbele likarudi kuwa moja. Lakini safari hiyo injini na giaboksi viliwekwa katika kasha moja, ambapo zamani vilikuwa mbalimbali. Mwaka 1966 shingo ililazwa zaidi, kutoka nyuzi 65 hivi hadi nyuzi 62, ili pikipiki itulie katika mwendo wa kasi. Kisha kwa msimu wa 1971 ikaja fremu ya namna nyingine kabisa: tangi la pembeni la oili liliondolewa, na oili ikawekwa ndani ya bomba nene lililo uti wa mgongo wa fremu yenyewe.

Mtu aweza kudhani kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mapambo ya kuvutia wateja. Sivyo. Fremu ya mabomba mawili ya mwaka 1960 ilionekana kuwa imara kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa akili ya kawaida husema kwamba mabomba mawili hushinda moja. Hata hivyo baadhi ya fremu hizo zilivunjika karibu na shingo. Sababu yake ni somo zuri la fizikia. Gurudumu la mbele linapogonga shimo, au breki inapokamatwa kwa nguvu, uma unaolishika gurudumu hilo hufanya kazi kama wenzo mrefu, nao huipinda shingo mbele na nyuma. Juu, chini ya tangi la petroli, kulikuwa na bomba moja tu la kuizuia shingo hiyo. Ongeza mtikisiko wa injini ambayo pistoni zake mbili hupanda na kushuka pamoja. Kani moja ndogo haivunji chuma. Lakini kani hiyo ikirudiwa mara nyingi mno huzaa ufa mdogo, na ufa hukua kidogo kidogo hadi chuma kikakatika. Hali hiyo wataalamu huiita uchovu wa metali.

Tiba yake ilikuwa kuongeza bomba la pili chini ya lile la juu. Kwa kufanya hivyo shingo ilishikwa mahali pawili vilivyoachana, na sehemu kubwa ya ile kani ya kupinda ikageuzwa kuwa kani ya kuvuta na kusukuma, ambayo bomba huistahimili vema zaidi. Basi bomba hilo la nyongeza si alama ya mwaka tu. Ni maandishi ya kosa lililotambuliwa na kusahihishwa. Mkusanyaji anayelikata kwa kutaka fremu yake ifanane na picha ya tangazo la kwanza la mwaka 1960 atakuwa amefanya mabaya mawili kwa mkupuo mmoja: amefuta ukurasa wa historia ya ufundi, na amemrudishia mpanda pikipiki hatari ile ile ambayo kiwanda kilikwisha kuiondoa.

Hata hivyo haifai kuipuuza namba. Nayo ni ushahidi, mradi isomwe kwa uangalifu. Katika fremu hizi hupatikana upande wa kushoto wa shingo, na nyingine kama hiyo hugongwa upande wa kushoto wa injini, chini ya silinda. Kiwandani namba hizo mbili zilifanana. Injini zilizounganishwa na giaboksi kuanzia msimu wa 1963 zilipewa herufi DU mbele ya tarakimu. Kuanzia msimu wa 1969 zilitumika herufi mbili: ya kwanza ilionyesha mwezi wa kuundwa, na ya pili msimu. Herufi C katika nafasi ya pili ni msimu wa 1969, D ni wa 1970, na E ni wa 1971. Hapo wengi hukosea, kwa sababu msimu wa kiwanda ulianza kabla ya mwaka wa kalenda. Pikipiki yenye herufi KC iliundwa mwezi Septemba 1968, ingawa ni ya msimu wa 1969. Anayesema ni ya 1968 na anayesema ni ya 1969 waweza kubishana hadi usiku, na kila mmoja akawa na haki kwa kipimo chake.

Thamani ya kweli hupatikana pale umbo na namba vinapolinganishwa. Ikiwa namba ina herufi DU, na fremu ina mabomba mawili ya mbele, mojawapo inasema uongo. Ikiwa herufi ni KC, na oili imewekwa ndani ya uti wa mgongo wa fremu, hapo pia pana hitilafu, kwa kuwa fremu ya namna hiyo haikuwapo mwaka 1968. Kwa upande mwingine, bomba moja la mbele halithibitishi kitu likiwa peke yake, kwani lilikuwapo mwaka 1959 na likawapo tena mwaka 1963. Sharti mchunguzi atazame pia mahali injini inapofungiwa. Kufanana si kuwa kitu kimoja.

Yako mambo ambayo umbo nalo haliwezi kuyasema. Triumph ilitengeneza pia pikipiki iitwayo TR6, ndugu wa karibu wa T120. Tofauti yao kubwa ni kwamba T120 ina kabureta mbili, na TR6 ina moja. Fundi akibadili kichwa cha silinda na kabureta, TR6 itaonekana kuwa Bonneville, na bei yake itapanda. Hapo ndipo herufi za aina zilizogongwa katika fremu na injini zinapokuwa shahidi mkuu, na ndipo tamaa ya kuzighushi inapozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilianza kuchapa nembo ndogo ndogo mahali pa namba ya injini, ili anayeifuta namba afute na nembo, na hila yake ionekane. Kwa hiyo umbo hueleza kipindi, namba hueleza aina na mwezi, na kila kimoja humkagua mwenzake. Shaka ikibaki, Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza imehifadhi kumbukumbu za kiwanda ambazo zaweza kuulizwa.

Huenda mwalimu akasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa ng'ambo wenye nafasi ya kucheza na vyuma vikuukuu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Kinachofundishwa hapa ni namna ya kufikiri. Mwanafunzi wa biolojia anayetambua mmea hatosheki na rangi ya ua. Hutazama jani, mpangilio wa matawi na mbegu. Mwanajiolojia halitambui jiwe kwa dalili moja. Vivyo hivyo mchunguzi wa fremu hukusanya dalili zisizotegemeana, huuliza ni dalili ipi ingeweza kulibomoa dai lake, kisha huitafuta hiyo kwanza. Mtu anayetafuta tu dalili za kumpendeza ataipata Bonneville kila aendako.

Tena zana zake si za gharama. Karibu kila shule ya sekondari ya Afrika Mashariki ina jirani mwenye baiskeli au pikipiki. Kwa utepe wa kupimia, uzi wenye jiwe mwishoni na kipimapembe, darasa laweza kupima pembe ya shingo za fremu kadhaa, kuchora mabomba yake, kuandika yalipoungwa, na kueleza kila bomba linazuia kani gani. Darasa laweza pia kutafuta mahali palipochomelewa upya, na kuuliza kwa nini chuma kilikatika hapo na si pengine. Majibu hayo yatamfaa mwanafunzi hata kama hataiona Triumph maishani mwake, kwa kuwa uchovu wa metali haubagui pikipiki ya makumbusho na ile inayobeba abiria.

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Yafaa kuongeza kwamba vilivyoundwa vilirekebishwa pia, na kwamba marekebisho hayo yameandikwa ndani ya chuma kwa ajili ya yeyote ajuaye kuyasoma. Wenye kuzitunza pikipiki hizi waliache bomba la nyongeza mahali pake, waache alama za kiwanda bila kuzisugua kwa msasa, na waandike kila walichobadili. Nao wenye kuzinunua wasitosheke na tarakimu. Kwanza wainame, wahesabu mabomba, wapime shingo. Ndipo wasome namba, waone kama inakubaliana na kile ambacho chuma kimekwisha kusema.