Kabla ya kuuza maksai ununue rupia

KATIKA wilaya za Tarime na Serengeti, biashara ya sarafu za zamani inazungumzwa zaidi kuliko inavyofahamika. Kuanzia Sirari hadi Mugumu hukosi kumsikia mtu akinong'ona kwamba anayo 'rupia ya Mjerumani', na kwamba yupo tajiri kutoka mbali anayeitafuta kwa mamilioni ya shilingi.

Baba yangu mdogo aliusikia mnong'ono huo akauamini. Aliuza maksai wawili wa kulimia, akanunua rupia moja. "Mwanangu, tajiri anakuja Jumamosi," aliniambia. Jumamosi nyingi zimepita. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, eka moja badala ya tatu. Nilipoiweka sarafu yake kwenye mzani wa mnunuzi wa dhahabu pale Nyamongo, ilikuwa na gramu 8.8, na sumaku iliinasa mara moja. Kilikuwa kipande cha chuma kilichopakwa rangi ya fedha.

Siandiki kumcheka mzee. Naandika kwa sababu sarafu za kweli zipo, na mtu anaweza kuzinunua kwa akili asipoteze kitu. Tatizo ni kwamba wanaoanza hununua hadithi badala ya kununua sarafu.

Tuanze na historia. Rupia za Kijerumani zilianza kugongwa mwaka 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja zina kichwa cha Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma, na upande wa pili simba na mnazi. Kuanzia 1904 hadi 1914 zilitolewa na serikali ya koloni, zikaandikwa Deutsch Ostafrika. Mwaka huo wa 1904 pesa 64 za rupia moja ziliachwa, zikaja heller 100. Neno letu 'hela' limetoka hapo.

Rupia moja halisi ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni madini ya fedha. Rupia ya India iliyotumika sana huku kwetu ilikuwa na kipimo hicho hicho. Piga hesabu: fedha tupu iliyomo ni karibu gramu 10.7. Wakia moja inayotajwa kwenye masoko ya dunia ni gramu 31.1. Kwa hiyo rupia tatu zina fedha inayozidi wakia moja kidogo tu.

Hesabu hiyo ndiyo ngao ya mnunuzi. Ulizia bei ya wakia ya fedha siku hiyo, igawe kwa tatu, utapata thamani ya madini yaliyomo katika rupia moja. Kinachozidi hapo unalipia uadimu na hali ya sarafu. Kuna rupia zinazostahili nyongeza kubwa, kwa mfano zile za rupia mbili za 1893 na 1894, zenye uzito wa gramu 23.32. Lakini rupia ya kawaida iliyochakaa haiwezi kugeuka nyumba ya bati kwa sababu tu ina kichwa cha Kaiser.

Si kila sarafu ya zamani ni ya fedha. Heller za shaba nyekundu, na zile zenye tundu katikati, hazina fedha hata kidogo. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyogongwa kati ya 1921 na 1946, ina robo tu ya fedha. Zilizogongwa kuanzia 1948 hazina kabisa.

Tena usidanganywe na mwaka. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Zanzibar na pwani katika karne ya 19, imeandikwa 1780 siku zote, hata zile zilizogongwa katika karne ya 20. Mwaka ulioandikwa si lazima uwe umri wa sarafu. Dola za fedha za Marekani nazo, zenye gramu 26.73, zimeghushiwa sana, na anayezinunua kwa macho tu hulia kama baba yangu mdogo.

Je, anayeanza afanye nini? Kwanza, aje na sumaku. Fedha hainaswi na sumaku. Pili, aje na mzani mdogo. Wanunuzi wa dhahabu wanao, na kijana yeyote wa machimboni anajua kuusoma. Rupia iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini ikipungua gramu nzima au zaidi, iache.

Tatu, apime kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri, kisha ninginiza rupia kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Mzani ukisoma karibu gramu 1.1, ni dalili njema. Rupia ya bandia ya shaba ya njano yenye uzito sawa itasoma karibu 1.4.

Nne, asisugue sarafu kwa majivu, mchanga wala dawa ya meno. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sarafu yenye weusi wake wa asili kuliko iliyong'arishwa. Bibi mwenye rupia tatu ndani ya kibuyu aziache zilivyo, azipime, ndipo azungumze bei. Wapo wanaozinunua kwa bei ya chumvi ili sonara aziyeyushe.

Tano, akimbie haraka akisikia habari za zebaki ndani ya sarafu, rupia inayovuta mchele, au 'gharama za kipimo' zinazolipwa kwanza. Rupia ni fedha na shaba kidogo, basi.

Sita, asichimbe. Wapo wanaoyatazama magofu ya Fort Ikoma, boma la Wajerumani karibu na Hifadhi ya Serengeti, kama ghala la hazina. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale, na ndani ya hifadhi jembe halina ruhusa kabisa.

Nionavyo mimi kama mchumi wa kilimo, sarafu ya zamani ni kumbukumbu nzuri na ni akiba ndogo kwa mwenye ziada. Si mtaji wa mkulima. Ng'ombe huzaa na hukamuliwa, na maksai hulima. Rupia hukaa kimya ndani ya kitambaa ikisubiri mtu mwingine aitake zaidi yako. Asiyekuja Jumamosi hii huenda asije kabisa.

Basi nunua rupia kwa pesa ambayo ikipotea watoto watakula bado. Maksai waache zizini. Mvua ikinyesha, wao ndio watakaoitwa shambani.