Wanaelewana Nani na Nani?

Kila mjadala wa lugha ukipamba moto, hakosekani mtu wa kututajia Skandinavia. Eti Mdenmark anaongea chake, Mswidi anajibu kwa chake, Mnorwei yupo katikati anacheka na wote wawili, na mkalimani hana kazi. Hata mimi niliwahi kuuimba wimbo huo. Nilikuwa nimemaliza kutazama Bron, tamthilia iliyoanza mwaka 2011, ambamo mpelelezi wa Malmö na mwenzake wa Copenhagen wanamsaka muuaji mmoja, kila mtu na lugha yake. Nikasema, tazama ustaarabu! Baadaye nikaja kujua kwamba huko Denmark watazamaji waliwekewa tafsiri chini ya skrini Waswidi walipofungua mdomo.

Sisemi ni uongo mtupu. Lugha hizo tatu ni ndugu, na kwenye maandishi hasa zinasomeka. Ingawa ndugu nao hupotezana: "rolig" kwa Mnorwei ni tulivu, kwa Mswidi ni ya kuchekesha. Hamsini ya Mdenmark ni "halvtreds", yaani ishirini mbili na nusu, hesabu ya kumwacha jirani akitazama vidole vyake. Na vijana wengi wakikwama, wanahamia Kiingereza, basi.

Ugomvi wangu lakini ni hilo neno "wanaelewana". Nani na nani? Msami akifika Oslo na Kisami chake hapati wa kumwelewa. Yeye ndiye aliyejifunza Kinorwei, tena babu zake walikifundishwa shuleni huku cha kwao kikipigwa marufuku. Mgreenland alijifunza Kidenmark. Mtoto wa Kifini anasoma Kiswidi darasani, atake asitake; mtoto wa Stockholm halazimiki kusoma Kifini. Jamani, huko ni mmoja kumfuata mwenzake hadi mlangoni, halafu mwenye nyumba anasifiwa kwa ukarimu.

Sisi watu wa vitabu tuitazame Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordic, inayotolewa tangu 1962. Vitabu vya Kidenmark, Kinorwei na Kiswidi majaji wanavisoma kama vilivyoandikwa. Vya Kifini, Kiaislandi, Kifaroe, Kigreenland na Kisami vinapelekwa na tafsiri. Kwenye meza hiyo hiyo inayosifiwa, kuna waliokaa na kuna wanaoletwa na mkalimani.

Mwaka 1991 tuzo ilimwendea Msami, Nils-Aslak Valkeapää, kwa Beaivi, áhčážan, yaani "Jua, Baba Yangu". Katika kitabu chenyewe mashairi yanapishana na picha za zamani za Wasami. Tafsiri zilibeba mashairi peke yake. Picha zilibaki upande wa Kisami. Wapo watakaosema huo ni upungufu. Mimi nasema ni sawasawa kabisa. Anayezitaka akakifungue cha Kisami, naye ahangaike kidogo.