Sukari ya Mgonjwa Mahututi na Akili ya Kesho: Barua kwa Ndugu wa Ugogo

Leeds, Uingereza

Ndugu zangu wapenzi wa Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa,

Naendelea na uuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Lililonishikisha kalamu ni hili: mgonjwa aliyenusurika na mauti huweza kurejea nyumbani kwa miguu yake ilhali akili yake imepata dhara, na miongoni mwa sababu za dhara hilo, iliyo nyepesi kuzuilika kuliko nyingi, ni sukari ya damu kushuka pasipo mtu kutambua.

Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu za mwili uliopumzika, na wa mtoto hutumia zaidi ya hapo, lakini hauna akiba ya maana ya kujikimu. Homa kali, kuhara, degedege na njaa humaliza upesi akiba ndogo ya sukari iliyomo katika ini la mtoto, hata yule aliyekunywa uji wa uwele jana jioni, akabebwa mgongoni tangu alfajiri mpaka zahanati, huenda akafika amelegea, watu wakadhani amelala.

Kule Kilifi, pwani ya Kenya, wataalamu waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, wakakuta kwamba miaka kadhaa baadaye asilimia 24 kati yao walikuwa na upungufu mkubwa, ama wa lugha, ama wa kumbukumbu, ama wa viungo, hali wenzao wasiougua hivyo walikuwa asilimia 10 tu. Kushuka kwa sukari si sababu ya pekee ya upungufu huo, kwani degedege na kuzimia kwa muda mrefu vina fungu lake. Fauka ya hayo, kwinini, dawa ya malaria tuliyoitegemea miaka mingi, yenyewe huweza kuishusha sukari. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, wakiwamo wa Korogwe na Muheza: waliotibiwa kwa artesuneti, dawa nyingine ya malaria, walifariki asilimia 8.5, na wa kwinini asilimia 10.9, na sukari iliyoshuka baada ya matibabu kuanza ilikuwa haba zaidi kwa wale wa artesuneti.

Lakini lipo na la kututia moyo. Huko Leuven, Ubelgiji, watoto 700 waliokuwa mahututi waligawanywa mafungu mawili, na katika fungu ambalo sukari ilibanwa kwa insulini, dawa ya kuishusha, sukari ya robo nzima ya watoto ilishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita. Walipopimwa akili baada ya miaka kama minne, kushuka huko kwa muda mfupi hakukuonekana kuandamana na upungufu wa akili. Rai yangu ni kwamba watoto wale walisalimika kwa kuwa walikuwa wakipimwa mara kwa mara, na waliposhuka waliinuliwa papo hapo. Basi la kuogopwa zaidi ni kushuka kunakodumu bila ya kuonekana.

Na kuona si kazi kubwa. Usiku wa manane muuguzi huchota damu kidogo, hudondosha tone moja juu ya kipande chembamba cha kupimia kilichotiwa katika mashine ndogo, na kabla hajaandika jina la mgonjwa namba imekwisha kutokea.

Uwanda wetu wa kati una malaria kidogo kuliko pwani na kanda ya ziwa, lakini una miezi ya njaa kabla ya mavuno, nayo huleta watoto wenye utapiamlo mkali. Kwa hao, sukari iliyo chini ya milimoli 3 kwa lita huhesabiwa kuwa hatari, na tiba yao ni kulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Akina mama mnaolala wodini, chakula cha saa nane za usiku ni dawa, msione haya kumwamsha muuguzi, wala kumwuliza, "Sukari ya mwanangu imepimwa?"

Mtoto akishikwa na degedege, aende hospitali kwanza. Akiwa hana fahamu, alazwe ubavu, asimiminiwe uji wala maji kinywani; kijiko kidogo cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji, ikiwekwa chini ya ulimi, huweza kumshikilia njiani, lakini haichukui mahali pa tiba.

Wazazi, mwambieni mwalimu kuwa mtoto wenu aliwahi kuzimia kwa ugonjwa. Nanyi walimu, anayesahau masomo msimwite mvivu kabla hamjauliza aliugua nini. Nasi tulio ughaibuni, ambao hatukosi kuchangia harusi na misiba, tuchangie pia vipande vya kupimia sukari, maana mashine isiyo na vipande haimfai mgonjwa, na mtoto aliyeokolewa ana haki ya kuokolewa pamoja na akili yake.

Wasalaam,
Ndugu yenu, muuguzi.