Kiungo Bandia Kisifiwe na Daftari

Mwalimu mwenzangu mstaafu alinijia majuzi akichechemea. Daktari amemshauri abadilishwe nyonga, na jamaa zake wanakusudia kuuza kipande cha shamba ili anunuliwe kiungo cha bei ghali kilichopakwa madini. Aliniuliza swali moja tu: “Kitanifikisha wapi?”

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimo katika vijitabu vya wauzaji.

Upasuaji huu, kwa namna tunavyoujua leo, uliasisiwa na John Charnley huko Uingereza mwaka 1962. Yeye alikigandisha kiungo mfupani kwa saruji maalumu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wakaleta njia nyingine, nayo ni kukipaka kiungo tabaka jembamba la haidroksiapatiti, madini yanayofanana na yale yaliyomo mifupani. Mfupa hulipokea tabaka hilo kama nduguye, ukaota na kushikamana nalo pasipo saruji.

Hoja hiyo yapendeza akilini. Je, uzoefu umeithibitisha? Uswidi imekuwa ikiweka kumbukumbu za nyonga bandia tangu mwaka 1979. Kumbukumbu hizo zilipochunguzwa, mwaka 2010 ilibainika kwamba vikombe vya nyonga vilivyopakwa madini hayo vilielekea zaidi kubadilishwa kuliko visivyopakwa. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hata katika mashina yanayotiwa ndani ya mfupa wa paja, mpako huo haukuongeza umri wa kiungo.

Sisemi kwamba viungo vilivyopakwa ni vibovu. Vipo vilivyopita miaka 20. Nasema mpako peke yake si dhamana. Umbo la kiungo, ustadi wa mpasuaji na ubora wa plastiki ya kikombe vina uzito wake. Plastiki ikilika, chembe zake huuchokoza mwili, nao mwili huanza kuula mfupa unaokishikilia kiungo.

Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha hesabu zilizotokana na kumbukumbu za Australia na Ufini: takribani nyonga 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Hesabu hiyo imepatikana kwa sababu kuna walioandika. Malawi, isiyotupita kwa mali, ilianzisha daftari lake la taifa mwaka 2005. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Basi itakuwaje kwa viungo vya mwili?

Nilimshauri rafiki yangu asiuze shamba kwanza. Amwulize daktari: kiungo cha aina hii kimefuatiliwa wapi, kwa miaka mingapi, na wangapi wamerudi kupasuliwa tena? Nasi tuitake serikali iilazimishe kila hospitali kuandika kiungo inachokiweka na hatima yake. Walimu twajua vyema kwamba mwanafunzi hapimwi kwa usafi wa sare yake, bali kwa matokeo yake.