Vamizi si kisiwa kitupu

Kila mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anapotafuta pa kupumzika siku tatu nne kando ya maji, jina la Vamizi, kisiwa cha mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, likatajwa, hufuata maneno yale yale. Mengi si kweli. Nayajibu kwa sababu wanaoumizwa nayo kwanza ni wenyeji wa pwani ile, na wenyeji hao ni ndugu zetu.

“Vamizi ni mchanga mweupe na bahari, hakuna watu.” Hili ndilo linalonikera zaidi. Picha za matangazo huonyesha ufuko mtupu, na msomaji huamini kisiwa kilikuwa kikimngoja yeye. Vamizi ina kijiji, msikiti na wavuvi wanaosema Kimwani, lugha ya karibu kabisa na Kiswahili. Jina la lugha hiyo lenyewe limebeba neno pwani. Wavuvi kutoka Tanzania na mkoa wa Nampula wamekuwa wakipiga kambi pale msimu hadi msimu. Watalii husifu matumbawe, lakini matumbawe hayo yalihitaji kulindwa, na wanakijiji, kupitia baraza lao la uvuvi, walikubali kufunga sehemu ya mwamba isivuliwe ili samaki wazaliane. Fikiria uzito wa uamuzi huo kwa mtu ambaye kitoweo cha leo kiko baharini. Kasa wanaopanda mchangani kutaga wamekuwa wakilindwa na macho ya watu hao hao. Anayekwenda kupumzika huko ni mgeni wa watu, na mgeni hubisha hodi.

“Huko bila Kireno hufiki popote.” Shule na ofisi, ndiyo, ni za Kireno. Gatini na sokoni, kuanzia mji wa Palma kushuka visiwani, Kiswahili chako kitaeleweka, nawe ukitega sikio utakielewa Kimwani kuliko unavyodhani.

“Siku nne zatosha kwa Pemba, Ibo na Vamizi.” (Pemba hii ni mji mkuu wa Cabo Delgado, ulioitwa Porto Amélia wakati wa Wareno, si jirani ya Unguja.) Hazitoshi, na anayepanga hivyo hupanga uchovu. Vamizi iko kaskazini, upande wa Palma. Kisiwa cha Ibo kiko mbali kusini yake. Zaidi ya hapo, mwenye ratiba pwani ile ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka mita tatu hata nne. Kati ya Ibo na kisiwa cha Quirimba, maji yakitoka watu huvuka kwa miguu katikati ya mikoko. Yakijaa, hiyo ni njia ya mashua. Kusi likivuma, nahodha mwenye akili hakubali kusukumwa na tarehe ya tiketi yako. Chagua mahali pamoja, tazama mwandamo wa mwezi kabla ya kutazama kalenda, kisha uache siku moja isiyo na kazi yoyote.

“Ukitaka mji mkuu wa kupumzikia majini, nenda Stockholm.” Stockholm ni mji mzuri, umekaa juu ya visiwa 14, na mtu hutoka mtaa mmoja hadi mwingine kwa kivuko. Ila Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Na kama ni mji mkuu wa majini, Ibo ilikuwa makao makuu ya Cabo Delgado kabla hayajahamishiwa Porto Amélia. Ngome yake yenye umbo la nyota ni ya 1791, na wafua fedha wake wana sifa pwani nzima. Utulivu ambao watu huufuata Ulaya kwa viza na nauli kubwa, Waswahili wa kusini waliujua barazani kwao.

“Vita vimekwisha, nenda tu.” Hapa naomba tusidanganyane. Mashambulizi ya wapiganaji wa itikadi kali yalianza katika mji wa Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Septemba 2020 wapiganaji walifika Vamizi yenyewe, wakazi wakakimbia na hoteli ya kitalii ikachomwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Majeshi ya Rwanda yaliingia Julai 2021 na miji ikarudishwa, lakini Machi 2024 wapiganaji walikuwa Quissanga na kisiwani Quirimba. Karibu watu milioni moja wamewahi kuyahama makazi yao katika mkoa huo. Kwa sasa sitamshauri mtu yeyote kwenda Vamizi kustarehe, hata akipewa bei ya kutupa.

“Basi tuisahau pwani hiyo.” Hapana! Pwani haiishi mpakani, kwenye mto Ruvuma. Upande wa Tanzania nao umewahi kuguswa, kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020, kwa hiyo kaa mbali na mto na uulize wenyeji. Lakini Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, ina ghuba iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote, nyumba kuukuu za mawe na boma la Wajerumani la 1895 lililogeuzwa hoteli. Fika maji yakiwa yanajaa, jioni, ngalawa zikirudi. Nunua samaki kwa mvuvi mwenyewe, keti, na umuulize jamaa zake wako wapi. Huenda akakunyooshea kidole kusini.