Taa zinawaka, intaneti haipandi: nani mchawi?

Leo tunaichambua kasheshe inayowagombanisha vijana wengi wa mjini wanaopanga nyumba moja: intaneti ya kuchangia.

Mchezo mnaujua. Watu wanne, vyumba vinne, laini moja. Ruta iko sebuleni, pembeni yake kuna swichi. Sisemi ile ya kuwashia taa, jamani! Nasema kile kiboksi chenye matundu matano au manane, kinachopokea waya mmoja kutoka kwenye ruta na kuwagawia wengine.

Siku ya mchango wote ndugu. Siku kompyuta ya chumba cha tatu ikigoma, basi tena! Mara wa chumba cha kwanza "kamkatia" mwenzake kwa sababu juzi walinuniana. Mwisho wa mwezi mmoja anahama, na kodi inawaelemea waliobaki. Kisa? Waya wa bei chee.

Tulia kwanza, mshikaji. Kabla hujamtuhumu mtu, fanya hivi.

Moja, tazama taa. Kila tundu la swichi huwa na kataa kake. Ukichomeka waya, na kifaa cha upande wa pili kimewashwa, kataa kanawaka. Kakibaki giza, ujue swichi haioni kitu: waya mbovu, kichwa kimelegea, tundu limekufa au kifaa kimezimwa. Taa zote zikiwa zimezima, kagua umeme na adapta. Na usiazime adapta ya kifaa kingine eti kwa kuwa kichwa kimeingia. Volti zikipishana, unaizika swichi mzima mzima!

Mbili, badilisha kitu kimoja kimoja. Hamishia waya kwenye tundu la jirani ambalo unajua linafanya kazi. Bado? Azima waya wa jirani huyo. Ikipanda, mchawi umemnasa: waya wako. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, hutajua nani alikuwa na kosa.

Waya huo ndani una nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu. Ya gigabiti moja hutaka zote nane. Ndiyo maana uzi mmoja ukikatika, wakati mwingine intaneti haifi, inaanza kukokota. Wewe unadhani mwenzako anashusha sinema usiku kucha, kumbe waya umebanwa na mlango! Pia usivute waya mmoja zaidi ya mita 100. Hicho ndicho kipimo chake.

Tatu, taa inawaka lakini intaneti hakuna. Hapa ulizia anwani. Swichi ya kawaida ya nyumbani haigawi anwani, kazi hiyo ni ya ruta. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta yako, tazama anwani ya IP. Ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yenyewe. Hapo fuata njia mpaka kwenye ruta. Waya wa swichi uwe kwenye matundu ya ndani ya ruta, siyo lile moja linalopokea intaneti kutoka nje.

Na wale wanaochomeka swichi moja kwa moja kwenye modemu isiyo na ruta, mnajitafutia ugomvi. Mara nyingi modemu hutoa anwani moja tu. Wa kwanza kufika anakula peke yake, wengine macho kodo!

Nne, nyumba nzima imekufa na taa zote zinapepesa kama disko. Tafuta waya uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo. Hutokea sana siku ya usafi: mtu anaona ncha inaning'inia, anairudisha "mahali pake". Ujumbe unabaki kuzunguka humo kama daladala isiyo na kituo, na swichi nyingi za bei ndogo haziwezi kujizuia. Chomoa ncha moja, amani inarudi.

Ukikwama kabisa, zima vyote. Washa ruta kwanza, subiri dakika mbili tatu, kisha swichi, halafu vifaa.

Ushauri wangu wa bure: andikeni namba ya chumba kwenye kila waya, ncha zote mbili, na wekeni waya mmoja mzima wa akiba sebuleni. Halafu kagueni pamoja, mtuhumiwa naye akiwepo. Taa ya swichi haina urafiki wala kinyongo, inasema ilichokiona. Na kama umeshamtukana mwenzako halafu ukakuta ni waya, soda baridi na samahani havijawahi kumshinda mtu.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kaa chonjo!