Risala ya Wauguzi na Wakunga wa Masisi na Walikale

Kwa wakubwa wa afya wa Jimbo la Kivu Kaskazini, wa pande zote za mstari wa vita, na kwa wafadhili wetu.

Waheshimiwa,

Ripoti zetu za kila wiki zina safu ya surua, ya kipindupindu, ya majeruhi wa risasi. Muuguzi anayeziandika hana safu.

Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Masisi-kati, maelfu ya raia walijazana ndani ya uzio wa hospitali. Machi ikafuata Walikale-kati, watu wakakimbilia msituni. Tulifunga vidonda huku hatujui watoto wetu wameelekea wapi. Mkunga anayeshinda akiwasikiliza wanawake waliobakwa njia ya shambani, jioni hurudi kwake kwa njia hiyohiyo. Usingizi haumjii. Mwenzake hushtuka mlango ukibamizwa. Mwingine amekuwa mkali kwa wagonjwa na kwa wanawe, naye zamani hakuwa hivyo. Wapo walioanza kunywa.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Muuguzi hudhaniwa ana pesa, basi jamaa waliokimbia vijiji humfuata yeye, chumba kimoja kikalaza kaya tatu. Kumbe wengi wetu hatumo hata kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Tunaishi kwa primu, yaani posho itokanayo na ada za wagonjwa, na mgonjwa aliyekimbia vita atoe ada wapi? Mfadhili akilipia matibabu tunapumua. Akiondoka, kama ilivyotokea misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, primu huondoka naye. Benki za Goma zilifungwa Januari mwaka huohuo, hivyo hata mwenye mshahara alianza kuufuata mbali, akilipa kwenye kila kizuizi.

Tumeletewa semina za kutufundisha kuvuta pumzi. Soda tulikunywa, ahsante. Aliyekosekana ni mtu wa kutushikia zamu.

Kwa hiyo dai letu kubwa ni kupokezana: muuguzi aliyekaa miezi mitatu penye mapigano atolewe, akae na familia yake wiki mbili huku akilipwa, na nafasi yake iwe na mtu. Bila hilo, mengine yatabaki maneno. Tuingizwe kwenye orodha ya mishahara. Primu ya hatari itufikie bila kuulizwa nani anaishika barabara. Tupewe msikilizaji asiye mkubwa wetu wala jirani yetu, maana hapa siri ya muuguzi hutangulia sokoni. Anayehitaji matibabu ya akili apelekwe kituo cha Tulizo Letu, Goma, kwa nauli ya kazi, na faili lake lisiandikwe neno la kumharibia cheo. Wenye silaha, wa upande wowote, waache bunduki nje ya lango.

Tunataka jibu la maandishi, lisomwe kwenye mkutano wa asubuhi wa kila hospitali, kabla wa zamu ya usiku hawajaenda nyumbani.